Kani na mwendo: maswali ninayoulizwa sana na wanafunzi wa Mwanza

Kila jioni nakaa barazani na watoto wa darasa la sita hadi kidato cha pili, tunafanya sayansi. Maswali yanayojirudia nimekuwa nikiyaandika nyuma ya daftari la mahudhurio, na haya ndiyo yaliyojaza kurasa. Machache yametoka kwa wazazi waliokuja kuchukua watoto wakaishia kukaa na wao. Sikuyapanga kwa ugumu. Ila kama una muda wa kusoma jibu moja tu, soma la tatu, maana wengi wanaokwama mbele huwa wamekwamia hapo.

Kani ni nini? Si ni nguvu tu?

Mtaani neno "nguvu" linabebeshwa kila mzigo: nguvu za mwili, nguvu ya umeme, nguvu ya hoja, hata supu ya kichwa cha sangara inaongeza nguvu. Kwenye fizikia tukienda hivyo tutapotezana. Kani ni kusukuma au kuvuta, basi. Ina ukubwa na ina upande inakoelekea. Tunaipima kwa nyutoni. Weka gramu 100 za dagaa wakavu kiganjani: wanavyokukandamiza kiganja ni karibu nyutoni 1.

Upande ni muhimu kuliko watoto wanavyodhani. Watu wawili wakivuta kamba ya nyavu upande mmoja, kila mmoja kwa nyutoni 200, jumla ni 400. Wakivutana, kila mmoja na upande wake, jumla ni sifuri, na kamba haiendi popote hata kama wote wanatokwa jasho.

Sheria tatu za Newton ni zipi? Nataka kwa ufupi.

Ya kwanza: kitu kilichotulia kitaendelea kutulia, na kinachokwenda kitaendelea kwenda kwa mwendokasi uleule kwenye mstari ulionyooka, isipokuwa kani isiyosawazishwa ikigusa mwendo wake. Ya pili: kani kubwa hubadilisha mwendo haraka zaidi, lakini kitu chenye tungamo kubwa (tungamo ni wingi wa kitu chenyewe, tunaupima kwa kilo) hubisha zaidi. Ya tatu: ukikisukuma kitu, nacho kinakusukuma wewe kwa kani ya ukubwa uleule, upande wa kinyume.

Isaac Newton, Mwingereza, alizichapisha mwaka 1687 kwenye kitabu kilichoandikwa kwa Kilatini. Ukizikariri hivi utapata alama mbili tatu. Swali la kufikiri likija, utabaki unang'ata kalamu.

Inawezekanaje kitu kiendelee kwenda bila kusukumwa? Baiskeli yangu nikiacha kukanyaga inasimama.

Hapa ndipo penye shida. Tangu tukiwa wadogo mwili umetufundisha kwamba ukiacha kusukuma, kitu kinasimama: mkokoteni, gunia linaloburutwa, baiskeli. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliliona jambo hivyohivyo, na wasomi wengi wakamfuata kwa karibu miaka 2,000 mpaka kina Galileo wa Italia walipolipima upya. Kwa hiyo ukikosea, umekosea pamoja na wakubwa.

Sasa panda mtumbwi alfajiri, ziwa likiwa limetulia kama mafuta kwenye sahani. Piga kasia mara tatu kwa nguvu, kisha lilaze mapajani. Matone yanadondoka kwenye ncha yake, tii, tii, na mtumbwi bado unakwenda. Hakuna anayeusukuma. Unapungua taratibu, na kinachoupunguza ni maji yanayosugua ubavuni na yale ambayo pua yake inalazimika kuyapasua. Ukifika ufukweni uburute mtumbwi huohuo kwenye mchanga, halafu acha kuvuta. Unasimama papo hapo. Mtumbwi ni uleule; kilichobadilika ni msuguano. Haya, punguza msuguano zaidi ya ule wa majini, upunguze tena, mpaka usiwepo kabisa. Mtumbwi utasimama lini? Hautasimama.

Baiskeli nayo ingeendelea. Inasimamishwa na upepo unaokupiga kifuani, na matairi, na vyuma vinavyosagana ndani ya ekseli. Kuna kitu kinaiba mwendo wako kila sekunde, nawe kwa kukanyaga pedeli unarudisha kilichoibwa. Ndiyo maana usiulize "nini kinaifanya iendelee?" Uliza "nini kinaisimamisha?" Chombo cha anga cha Marekani kinachoitwa Voyager 1 kilirushwa mwaka 1977, na hadi leo kinakwenda karibu kilomita 17 kwa kila sekunde moja. Hakina injini inayokisukuma mbele. Huko kiliko hakuna cha kukisugua.

Nikipiga mpira ukapaa, kani ya teke inaisha lini?

Inaisha pale pale mpira unapoachana na kiatu. Najua watu watabisha. Lakini mguu hauwezi kuusukuma mpira usiougusa. Ulichoupa ni mwendo, na mwendo mpira unaondoka nao. Ukiwa juu pale uwanja wa Kirumba, mpira unashughulikiwa na wawili tu: Dunia inayouvuta chini na hewa inayoupinga.

Shule moja hapa mjini ilitoa mtihani wa majaribio wenye mchoro wa mpira hewani, na kwenye majibu wakataka mshale wa "kani ya mpigaji". Mwanafunzi wangu hakuuchora, akanyimwa alama. Alikuwa sahihi, na bado inaniuma.

Daladala ikifunga breki ghafla, nani anatusukuma mbele?

Hakuna.

Siku moja nilikuwa nimesimama kwenye daladala ya Kisesa, konda anapiga kelele tusogee nyuma, na mama mmoja kaweka ndoo yenye sato kwenye njia katikati ya viti. Mbuzi akakatiza barabara. Dereva akakanyaga breki, na ndoo ikateleza kutoka siti ya tatu mpaka ikagonga mgongo wa kiti cha dereva. Watu wakasema ndoo imerushwa. Haikurushwa. Gari lilisimamishwa na breki, sisi tulioshika bomba tukasimamishwa na bomba, ndoo haikushikwa na mtu, ikaendelea na safari yake ya Kisesa kama ilivyokuwa. Tabia hiyo ya kitu kukataa kubadilishiwa mwendo inaitwa inesha. Mkanda wa gari kazi yake ni kuwa lile bomba, kwa ajili ya kifua chako.

Kwenye kona ni mambo yaleyale. Unahisi unatupwa nje, kumbe mwili wako unataka kunyoosha tu, gari ndilo linakugeukia.

Mimi ni mzazi. Nyumbani hatuna maabara. Naweza kumwonyesha mtoto nini?

Chukua glasi, juu yake karata, juu ya karata sarafu ya shilingi 200. Ipige karata kwa kidole ichomoke kwa kasi, iende pembeni. Sarafu haifuatani nayo, inatumbukia ndani ya glasi. Halafu mwambie mtoto aivute karata polepole. Safari hii sarafu inaondoka nayo, maana msuguano umepata muda wa kuibeba. Muulize kwa nini, kisha nyamaza. Kunyamaza huko ndiko kugumu kwa wazazi.

Kwa nini pantoni inapunguza injini ikiwa bado mbali na gati?

Nenda Kamanga ukaangalie. Chombo chenye magari na abiria kina tungamo kubwa sana, na maji hayakishiki kama lami inavyoshika tairi. Nahodha akisubiri mpaka gati iko mbele ya pua, amechelewa. Kani ya kukisimamisha kwa umbali mfupi namna hiyo ni kubwa kuliko anayoweza kuipata kwa kurudisha mapanga nyuma. Kwa hiyo anaanza mapema, anatumia kani ndogo kwa muda mrefu.

Mchapuko ni nini, na ile hesabu ya sheria ya pili inafanywaje?

Mwendokasi ni umbali unaokwenda kwa muda fulani (watoto wa siku hizi wakisikia neno hilo wanawaza mabasi ya Dar es Salaam, sawa, lakini lilikuwepo kabla ya mabasi). Mchapuko ni kiasi mwendokasi unavyobadilika kila sekunde inapopita. Kanuni yenyewe:

kani iliyobaki = tungamo × mchapuko

Nimesema "iliyobaki" makusudi. Vitabu vingi huandika kani tu, na mtoto anaingiza namba ya kwanza anayoiona kwenye swali. Tumchukue kijana wa mkokoteni pale Mwaloni Kirumba. Mkokoteni na magunia ya dagaa una tungamo la kilo 100. Anausukuma kwa nyutoni 150, msuguano wa njia unampinga kwa nyutoni 100. Zinabaki 50. Gawa kwa 100: mchapuko ni mita 0.5 kwa sekunde kwa sekunde. Yaani kila sekunde mwendokasi unaongezeka kwa nusu mita kwa sekunde, na baada ya sekunde 4 anakwenda mita 2 kwa sekunde. Hapo ameanza kukimbia kidogo kidogo.

Sasa mwenye mzigo anaongeza magunia, tungamo linafika kilo 200. Watoto wengi husema mchapuko utakuwa nusu. Wamesahau kwamba mzigo ukizidi, msuguano nao unazidi. Tuseme umefika 200. Kijana na nyutoni zake 150 hausogezi hata kidogo. Anamwita mwenzake, wanasukuma pamoja 300, wanatoa 200, zinabaki 100, wanagawa kwa 200: tumerudi kwenye 0.5 ileile. Wapagazi wanaijua hesabu hii bila kalamu, ndiyo maana wanamdai mwenye mzigo hela ya mtu wa pili.

Na wakishafika mwendo wanaoutaka? Wanapunguza kani mpaka ilingane na msuguano tu. Kani iliyobaki ni sifuri, mchapuko ni sifuri, na mkokoteni unaendelea kwenda kwa mwendokasi uleule. Rudi kwenye swali la tatu kama umeshtuka.

Kilo si ndiyo uzito? Sokoni tunapima uzito kwa kilo.

Sokoni endelea hivyohivyo, ukimwomba muuzaji nyutoni 49 za sangara atakufukuza. Darasani tunatenganisha. Kilo hupima tungamo, yaani wingi wa sangara mwenyewe. Uzito ni kani ambayo Dunia inamvuta nayo, na unaupata kwa kuzidisha tungamo kwa 9.8. Kwa kilo 5 ni nyutoni 49.

Tofauti inaonekana ukiwa na mizani mbili. Moja ni ya springi, ile ya kuning'iniza, nyingine ni ya sahani mbili na mawe ya kupimia. Mwanza zote zitakwambia kilo 5. Mpeleke sangara huyo mwezini, ambako mvutano ni karibu moja ya sita ya huku. Ya springi itasoma kama gramu 800, maana springi inahisi kuvutwa tu. Ya mawe itasema bado kilo 5, kwa sababu mawe nayo yamekuwa mepesi kwa kiwango kilekile. Sangara hajapungua hata mnofu mmoja.

Wanaopenda udadisi: 9.8 yenyewe si sawa kila mahali. Karibu na ikweta, huku kwetu, ni kama 9.78; kwenye ncha za Dunia inafika 9.83.

Jiwe zito na jepesi, lipi linatangulia chini?

Yanafika pamoja, hewa isipoingilia. Jiwe la kilo 10 linavutwa mara 10 zaidi ya la kilo 1, kweli, lakini pia ni gumu mara 10 kulibadilishia mwendo. Faida na hasara zinalingana. Unyoya unachelewa kwa sababu ya hewa peke yake. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya kwa pamoja mwezini, ambako hakuna hewa, vikatua pamoja.

Sheria ya tatu inaonekana wapi katika maisha?

Kwangu mimi ilionekana nikiwa na miaka tisa, nimevaa sare ya shule. Mjomba alinivusha kwa mtumbwi. Tulipokaribia gati akasema, "Subiri nifunge kamba, mwanangu." Sikusubiri. Nilisimama kwenye ukingo, nikapima kwa macho, hatua moja tu, nikaruka. Mtumbwi ukanikimbia miguuni, ukaenda nyuma kwa kishindo, na mimi nikaishia katikati: mikono gatini, kiuno majini, daftari la hesabu linaelea. Mjomba alicheka mpaka akakaa.

Ili niende mbele nilipaswa kusukuma kitu kwenda nyuma. Ardhini kitu hicho ni Dunia, nayo ni nzito mno, haitikisiki, kwa hiyo hatuoni upande wake wa mapatano. Mtumbwi mwepesi usiofungwa unasogea, na sehemu ya kuruka kwako inaishia kuupeleka nyuma. Kasia hufanya kazi hivyohivyo: unasukuma maji nyuma, maji yanausukuma mtumbwi mbele. Injini ya boti, miguu ya bata, kutembea kwako kwenda shule, vyote ni mapatano hayo. Ukitaka kujua kwamba ardhi ndiyo inayokusukuma mbele unapotembea, subiri mvua halafu upite kwenye tope la utelezi. Ikishindwa kukusukuma, huendi.

Kama kani hizo mbili zinalingana na zinapingana, si zinafutana? Mbona vitu vinasogea?

Swali bora kuliko yote ninayoulizwa, na anayeliuliza huwa nampa karanga. Kani hufutana zikiwa kwenye kitu kimoja. Hizi mbili ziko kwenye vitu viwili tofauti. Moja iko kwenye maji, nyingine iko kwenye mtumbwi. Unapotaka kujua mtumbwi utafanya nini, hesabu kani zinazougusa mtumbwi tu. Yaliyompata maji ni ya maji. Deni la jirani halilipwi kwa akiba yako.

Jiwe la Bismarck limekaa tu. Linahusika vipi na mwendo?

Jiwe hilo lililosimama majini kama limebandikwa juu ya mengine, ambalo Wajerumani walilipa jina la chansela wao Otto von Bismarck, lina kani mbili kubwa. Dunia inalivuta chini. Mwamba ulio chini yake unalisukuma juu. Zinalingana, kani iliyobaki ni sifuri, kwa hiyo limetulia. Hiyo ni sheria ya kwanza.

Mtego uko hapa: wanafunzi wengi, na walimu kadhaa niliowahi kubishana nao, husema kani hizo mbili ni mfano wa sheria ya tatu. Sio. Zote mbili ziko kwenye jiwe. Jozi ya sheria ya tatu hupatikana kwa kugeuza majina. Dunia inalivuta jiwe. Geuza: jiwe linaivuta Dunia. Mwamba unalisukuma jiwe juu. Geuza: jiwe linaukandamiza mwamba chini. Kugeuza huko hakushindwi kamwe, hata vitu vikiwa kwenye mwendo. Lakini uzito na kani ya kukubeba vinaweza kutofautiana. Panda lifti ya ghorofa: inapoanza kupanda, sakafu inakusukuma juu kuzidi uzito wako, unahisi magoti yanakuwa mazito.

Msuguano ni adui?

Muulize dereva wa bodaboda siku ya mvua.

Mwendokasi ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama nao unakuwa mara mbili?

Unakuwa mara nne, na hili natamani kila bodaboda angelijua. Tuseme breki zinapunguza mita 5 kwa sekunde kila sekunde. Ukiwa kwenye kilomita 30 kwa saa utasimama ndani ya mita 7. Ukiwa kwenye 60, mita 28. Ongeza sekunde moja ya kushtuka kabla hujagusa breki: wa 30 amemaliza yote ndani ya mita 15 hivi, wa 60 anahitaji kama 44. Sababu ni kwamba anayekwenda haraka anahitaji muda mara mbili kusimama, na katika muda huo anakwenda kwa kasi mara mbili.

Ni kweli tufaa lilimwangukia Newton kichwani?

Alisimulia mwenyewe uzeeni kwamba aliona tufaa likianguka akaanza kuwaza. Kichwa kiliongezwa na wasimuliaji.

Sekondari tutafundishwa kwa Kiingereza. Haya ya Kiswahili yatanisaidia?

Herufi zitabadilika, utaona F, m na a, kila kitu kingine kiko vilevile. Anayejua kwa nini ndoo ya sato iliteleza hupoteza wiki moja kuzoea maneno mapya. Asiyejua hukariri sentensi za kigeni kwa miaka minne.

Nikiwa katikati ya ziwa na kasia limenipotea, naweza kuusukuma mtumbwi nikiwa ndani yake?

Ukisukuma ubao wa mbele, miguu yako inasukuma sakafu nyuma, mwisho wake umechoka tu. Ni kama kusukuma daladala ukiwa umekaa kwenye siti. Lazima usukume kitu cha nje, na kilicho karibu ni maji: piga kwa viganja, au kwa mfuniko wa ndoo.

Njia nyingine ni kutupa kitu nyuma. Mitumbwi mingi ina jiwe la nanga. Kama wewe na mtumbwi mna kilo 200, na jiwe ni la kilo 4, ukalirusha nyuma kwa mita 5 kwa sekunde, mtumbwi utasogea mbele sentimita 10 kwa sekunde mpaka maji yaupunguze. Watoto hufurahia sana jibu hili. Halafu mmoja akauliza, "Mwalimu, tukifika karibu na mawe upepo ukaanza, nanga tutatoa wapi?"

Naye alipata karanga.